Karatasi Iliyofungia Misumari

Alhamisi, 3 Juni 1999

Imekwenda! Sura ya nne imekwenda. Simu imekata mara nne. Mara ya tano ile modemu ya Varsha ikalia, ikalia, ikanyamaza, na Varsha akapiga makofi. Imefika Amerika, Mama Mihayo! Mimi muda wote nimeshika rozari mfukoni mwa gauni. Mwanamke wa miaka arobaini na moja nasubiri kama mtoto wa darasa la saba anayengoja matokeo.

Wauguzi sita tu Afrika nzima tunasoma shahada hii ya uzamili kwa kompyuta. Chuo cha Kanisa kinatujaribu sisi kama mbegu mpya ya pamba — tukiota watapanda wengine. Watano wako miji mikubwa. Wa sita ni mimi, nasomea kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kahama, katikati ya mabati na koleo, kwa sababu Varsha na mumewe Pritesh ndio wenye kompyuta na laini ya simu isiyokufa kila siku. Mimi namchoma mama mkwe wa Varsha sindano zake za kisukari, Varsha ananipigia chapa. Hatudaiani.

Kazi nzima ifike Ijumaa tarehe 25. Baada ya hapo jaribio linafungwa, hakuna muhula mwingine. Na hospitali imeshasema wazi: Agosti nikiwa na shahada, chuo chetu cha uuguzi nakiongoza mimi. Nisipokuwa nayo analetwa mtu kutoka Mwanza. Miaka kumi na tisa ya kukesha wodi ya wazazi, halafu mtu wa Mwanza!

Tumechapa pia ile orodha yangu ya siri. Namba, jina, miezi ya mimba, na safu ya mwisho: anachoma nyumbani, ndiyo au hapana. Kwenye utafiti wanawake wangu thelathini na mmoja wa machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo ni namba tu. Orodha ni ya kuwafuatilia wakijifungua, inakaa kwenye sanduku la bati, ufunguo shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria. Karatasi ya kwanza ilitoka hafifu, wino ulikuwa ukingoni. Varsha akabadili, ya pili ikatoka safi. Ile hafifu nimemwachia — upande wa nyuma bado mweupe, na karatasi siku hizi ghali.

Jumapili, 6 Juni

Misa ya kwanza. Mahubiri marefu, sikusikia hata nusu, kichwani nilikuwa napanga marejeo ya sura ya tano. Mungu anisamehe.

Mume wangu Cornel ameuliza siku hizi ameoa mke au kompyuta. Anatania. Nusu anatania. Mwalimu mzima anapika ugali mwenyewe mwezi wa tatu sasa, na majirani wanamcheka.

Jumanne, 8 Juni

Kliniki ya Mwakitolyo. Landrova ya hospitali, vumbi hadi kwenye meno. Nilitarajia wajawazito ishirini na zaidi. Wamekuja wanne!

Wanne, na hao wanne hawakunitazama usoni. Namsalimu mmoja kwa Kisukuma, Mwadila, anaitikia chini chini. Nimeuliza wenzenu wako wapi, nikajibiwa wako mpungani, ni mavuno. Mavuno gani machimboni? Mpunga wa Mwakitolyo unaota wapi, juu ya mawe?

Mwaka mzima nilikunywa nao uji kabla hata mmoja hajanifungulia mdomo. Wanachekecha marudio — ule mchanga unaoachwa na karasha, mashine ya kusaga mawe — wanapata chembe za dhahabu, wanachanganya na zebaki, wanachoma jikoni kwenye kikaango kile kile cha mboga, mimba tumboni, mtoto mwingine mgongoni. Wanajua watu wa maduara, wale wenye mashimo, wakijua itakuwa balaa, maana wale wanasema mchanga ule ni wao na anayeuchoma nyumbani ni mwizi. Niliwaapia. Jina lenu halitatoka kwangu.

Sijui kuna nini. Labda kweli ni mavuno.

Alhamisi, 10 Juni

Imeili kutoka kwa Profesa Edith, msimamizi wangu, yule mtawa. Kama kawaida inaanza na Zaburi na kumalizia kwa kuuliza hali ya Cornel. Katikati: sura ya nne ni nzuri sana, wanawake hawa walikuamini, inaonekana katika kila ukurasa. Halafu ananikumbusha ukurasa wa kiapo. Nitie sahihi mimi, na paroko wangu athibitishe. "Nimetunza siri za wote walioniamini, na yote niliyoandika ni kweli."

Nimefurahi mpaka nimenunua sambusa, tukala wote dukani kwa Varsha.

Jumatatu, 14 Juni

Ee Mungu wangu. Ee Mama yangu mzazi.

Saa tatu asubuhi niko wodi ya wazazi, nikaambiwa kuna mtu nje hataki kuingia. Paskazia. Namba 9. Mimba ya miezi minane, kapanda lori la mbao tangu alfajiri. Miguu imevimba hadi kwenye magoti! Nikataka kumpima presha kwanza. Akakataa. Akafungua pindo la kanga akatoa kipande kidogo cha karatasi, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe.

Mwandiko hafifu. "Anachoma nyumbani: ndiyo."

Kwa maneno yake ni hivi. Mwenyekiti wa maduara, Jilala, alituma mtu Kahama kununua misumari ya matimba — zile nguzo za kuzuia shimo lisiporomoke. Misumari ikaja imefungiwa kwenye nusu ya karatasi. Jilala kamaliza darasa la saba, hawezi kuona maandishi asiyasome. Akasoma. Jioni akaita watu mdomoni mwa duara, akasoma kwa sauti majina kumi na manne, moja moja, na miezi ya mimba zao. Wanaume wakacheka kwenye miezi. Kwenye "ndiyo" hawakucheka. Mume wa Paskazia kampiga. Kile kipande alikichana yeye pembeni pale Jilala alipoiweka chini, apate ushahidi wa kunionyesha.

Akaniuliza, bila hasira: Mayu, si ulituapia?

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ana miaka ishirini na mbili. Nilisema nisamehe, akatikisa kichwa tu kama mtu anayesikiliza habari za mbali.

Presha mia na sabini kwa mia na kumi na tano. Nimemlaza. Angalau hilo.

Ni mimi. Si Varsha, si Pritesh, si Jilala. Mimi na mkono wangu nilimwachia Varsha ile karatasi hafifu eti upande wa nyuma mweupe. Nani hapa Kahama hajui misumari hufungiwa kwenye nini? Miaka yote nanunua misumari pale, nafungua nyumbani nasoma risiti za watu!

Jumanne, 15 Juni

Sijala. Nimefungua sanduku la bati mara tatu kuangalia ile orodha safi. Ipo. Imetulia. Haina kosa lolote.

Ijumaa, 18 Juni

Nimemweleza Varsha. Alianza kubisha — karatasi za kompyuta huwa anaziweka kando — kisha akaenda nyuma kwenye mizani, akaona rundo lenyewe. Akakaa juu ya mfuko wa saruji akalia. Yeye amezaliwa hapa, anaongea Kisukuma kuliko mimi, anajua kabisa machimboni kukoje. Pritesh aliposikia akaja. Alibeba rundo zima la karatasi akaenda kulichoma nyuma ya duka. Sasa wanapima misumari kwenye mifuko ya plastiki, ile ya rambo.

Na nusu ya pili? Majina kumi na saba yaliyobaki? Pritesh hajui alimfungia nani. Labda fundi fulani, labda imekwisha kuwashia mkaa. Yaani naomba Mungu karatasi iwe imeungua. Ndipo nilipofikia.

Nimesoma kanuni za chuo, ziko wazi mno. Siri ikivuja, mtafiti ataarifu ndani ya siku tano. Kazi inasimama hadi baraza likae. Baraza linakaa Septemba. Jaribio linafungwa Ijumaa ijayo. Kwa hiyo nikisema, kwisha. Nimejua Jumatatu, siku ya tano ni kesho.

Cornel kasema Amerika ni mbali, mama. Nani atawapelekea? Jilala atapiga imeili? Nikacheka, nikajichukia kwa kucheka. Kisha akasema kwa upole, mwanamume wangu huyu: ukiongoza chuo utafundisha wakunga mia. Ukikosa, hao kumi na wanne wamepata nini?

Sijui. Namchukia kwa kuwa ana akili.

Jumapili, 20 Juni

Siku tano zimepita. Sikuwaandikia chuo.

Baada ya Misa nikaenda nyumba ya mapadri na ukurasa wa kiapo kwenye bahasha. Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina. Padri Sostenes alikuwa anakunywa chai, hata miwani hakuvaa. Nionyeshe pa kuweka sahihi, Scolastika. Nikasema Padri, usome kwanza. Akacheka. Nisome nini, wewe nakujua tangu kipaimara, ungekuwa mwongo tungejua! Akatia sahihi, akagonga na muhuri wa parokia, akaupuliza wino ukauke.

Sahihi yangu mimi bado. Nafasi iko wazi, juu ya ya kwake.

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka. Nikaomba sukari.

Jumatatu, 21 Juni

Paskazia kajifungua salama, msichana, kilo mbili na gramu mia tatu. Presha inashuka. Nilimshika mtoto muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nimetazama macho yake, mikono yake, kila kitu, natafuta zebaki kama vile inaonekana.

Mumewe hajaja.

Jumanne, 22 Juni

Mwakitolyo. Nilitaka kuomba udhuru nisiende. Nikaenda.

Kabla sijashusha mizani Jilala alikuwa pale. Nilimtarajia jitu lenye rungu. Mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, kavua kofia. Shikamoo, nikamwambia. Marahaba sista, poleni na safari. Akaniambia kwa adabu zote: karatasi ya hospitali haisemi uongo. Nimepata nusu. Naomba na nusu iliyobaki. Kikao ni Jumamosi, na waliomo wanahama machimboni na waume zao na watoto wao, sitaki kumwonea mtu wala kumsahau mtu.

Nikasema ile ni siri ya wagonjwa. Akasema siri? Ilifungia misumari yangu. Nilitamani ardhi inimeze. Akaendelea: mchanga wa karasha ndio mshahara wa vijana wangu arobaini. Januari nimezika wawili. Unataka niwaambie nini mama zao, mshahara umechomwa kwenye kikaango?

Ana haki yake pia, ndio ubaya wenyewe.

Alipoondoka wakaja wanawake. Si wanne! Zaidi ya ishirini, wakanizunguka nyuma ya Landrova, wengine siwajui kabisa. Nikapiga magoti. Kweli nilipiga, kwenye vumbi, na gauni jeupe. Nikawaambia ni mimi nilifanya, nisameheni. Wakaniacha nimepiga magoti kidogo, hawakuniharakisha kuinuka.

Kisha Martina, mama lishe, namba 3, mkubwa wao kwa maneno, akasema inuka Mayu, hatukuja kwa hilo. Mwenyekiti anataka karatasi nzima? Mpelekee nzima. Tuwemo wote. Wanaochoma na wasiochoma. Kila mwanamke wa Mwakitolyo, jina lake, ndiyo. Na muhuri wa hospitali chini. Tuone Jumamosi atahamisha nani, abaki yeye na mashimo.

Nikasema Martina, hiyo haitakuwa kweli.

Akanijibu, "Kwani ile ya kweli ilitusaidia nini, Mayu?"

Wakasema Ijumaa. Nije Ijumaa na kalamu.

Jumatano, 23 Juni

Ijumaa! Katika siku zote za mwaka!

Nimekaa nahesabu. Nikienda naandika uongo wa makusudi, kwa mkono wangu, na muhuri. Siwezi tena kutia sahihi kile kiapo, si nusu ya kwanza wala nusu ya pili. Na nikiituma kazi bila kusema kitu, zile namba zangu thelathini na moja zitasimama kitabuni zikisema ukweli, huku kule machimboni karatasi yenye jina langu inasema kitu kingine. Nisipokwenda, kazi inatumwa, shahada inakuja, na Jumapili Martina yuko barabarani na masufuria kichwani.

Cornel ameniuliza mara moja tu, utaenda? Nikamwambia sijui. Akaniwekea chai.

Alhamisi, 24 Juni

Kwa Varsha tangu saa nne. Kazi yote iko kwenye diski, kurasa mia moja na kumi na mbili, marejeo yamekaa sawa. Imebaki kubonyeza.

Nimeandika na imeili nyingine kwa Profesa Edith. Fupi. Siri ilivuja tarehe 3, kwa kosa langu. Nilijua tarehe 14. Nimechelewa kusema kwa sababu niliogopa. Varsha alisoma akasema andika basi kosa ni la duka, sisi hatusomi chuo, watatufanya nini? Nikamshika mkono. Moyo wake mzuri, lakini hapana.

Akauliza, nitume ipi?

Skrini inang'aa. Nje mtu anabishania bei ya bati. Nikasema subiri. Akasema kesho anafunga saa kumi na mbili jioni kamili, wana maombi nyumbani kwa mkwe wake. Nikasema subiri tu, Varsha! Nikampandishia sauti, maskini, hata kosa hana.

Jioni nimepita ofisini. Muhuri wa kitengo cha mama na mtoto huwa uko drooni. Nimeuweka kwenye mkoba. Sijaiba, niko zamu ya kliniki, nina ruhusa ya kuubeba. Najiambia hivyo.

Ijumaa, 25 Juni

Naandika haya Mwakitolyo, juu ya goti, kwenye kibanda cha chakula cha Martina, katikati ya kuandika yale mengine. Nimekuja na pikapu ya mahindi. Inarudi Kahama saa nane mchana. Nikiikosa sitamkuta Varsha.

Nimeanza na namba 32, baada ya wale wangu thelathini na mmoja. Wanakuja kwa foleni kama siku ya chanjo. Jina, miezi, swali, dole gumba. Kila mmoja namuuliza vile vile nilivyouliza miaka miwili hii, kwa sauti ile ile, mazoea ni mazoea: unachoma nyumbani? Na kila mmoja anasema ndiyo. Wengine wanaisema kwa kishindo. Kuna binti ameisema huku anatazama mlangoni.

Bibi mmoja, meno mawili, nikamuuliza miezi ya mimba kwa kusahau. Kibanda kizima kilicheka hadi Martina akashika ukuta. Andika na hapo ndiyo, kasema bibi! Nikacheka na mimi. Mara ya kwanza kwa siku kumi na moja bila kujichukia.

Mkono unauma. Niko namba 57. Saa saba na nusu.

Sijui nitamwambia nini Profesa Edith. Sijui hata kama hii itafaa kitu, huenda Jilala atacheka tu aichane. Huenda atawafukuza wale kumi na wanne wake wa mwanzo na hawa wengine wakarudi nyumbani kimya. Nimemuuliza Martina, ukikosea je? Akasema basi tutakuwa tumekosea wengi.

Pikapu imepiga honi. Dereva anapakia.

Sasa hivi wote wamegeukia mlangoni. Foleni imefunguka katikati, wanampisha mtu. Nyamizi, mke wa Jilala. Kanga mpya, viatu. Mke wa mwenyekiti hajawahi hata kushika mchanga wa marudio, kila mtu hapa anajua, kuni zenyewe analetewa. Amekaa mbele yangu kwenye ndoo iliyofunikwa, amevuta pumzi.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, mama, unajua hii ni ya nini?

Akasema mume wangu husoma kwa sauti. Kesho akisoma, nataka afike kwangu.

Unachoma nyumbani?

Ndiyo.

Nimeandika. Namba 58. Honi ya pili, ndefu. Muhuri bado uko mkobani. Nyamizi anauliza dole gumba linawekwa wapi.